Heko kwa Wakimbiaji wa Kakuma

Mfugaji wa Ngaremara, Isiolo, anajua taabu ya mwendo mrefu wa kutafuta maji na malisho. Paulo Amotun Lokoro naye alichunga ng'ombe Sudan Kusini kabla ya vita kumkimbiza hadi Kakuma, Turkana.

Mwaka 2016 alikuwa Rio de Janeiro, akishindana mita 1,500.

Timu yake, ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, ilikuwa na wanamichezo 10. Watano, wote wa Sudan Kusini, walinolewa Ngong, Kenya, na mwanariadha Tegla Loroupe. Katika mchujo wa Kakuma, mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, alikimbia pekupeku akashika nafasi ya pili. Rio akabeba bendera.

Hawakurudi na medali, ila njia waliifungua. Paris 2024, bondia Cindy Ngamba aliiletea timu hiyo shaba, medali ya kwanza ya timu.