Uaminifu katika Herufi ya Nane: Kuisoma Upya Sura ya Tatu ya Maombolezo

Aya mbili za kitabu cha Maombolezo zimekihama kitabu chao na kwenda kuishi peke yao. Ni aya ya 22 na ya 23 za sura ya tatu, zile zinazotaja rehema isiyokwisha na uaminifu wa Mungu unaorudi kila kunapopambazuka. Husomwa matangani, huandikwa katika kadi za rambirambi na kalenda za makanisa, huchongwa juu ya makaburi. Kutokana nazo Thomas Chisholm, Mmarekani mzaliwa wa Kentucky, alitunga mwaka 1923 utenzi wa kanisa ambao William Runyan aliutilia sauti, na utenzi huo umeenea pembe zote za dunia ya Kikristo. Chisholm hakuutunga kwa kufikwa na msiba fulani. Ulikuwa wimbo wa shukrani wa mtu aliyetazama miaka yake na kuona kuwa hakutupwa.

Si vibaya aya kusafiri. Lakini aya hizi zimesafiri bila mizigo yao, na kwa sababu hiyo hutumika kwa kazi ambayo mtunzi wake hakuikusudia. Mjane huambiwa siku ya tatu, udongo wa kaburi haujakauka, kwamba uaminifu wa Mungu ni mkubwa, kwa hiyo na anyamaze. Machozi yake huhesabiwa kuwa ni upungufu wa imani. Anayesema hivyo hudhani anasoma Maandiko, kumbe anasoma kadi. Kitabu chenyewe kinalia sura tano, na hakikomi kulia baada ya kuutaja uaminifu huo. Jambo hilo linahitaji kuangaliwa kwa jicho la mtu anayejua tungo, kwa sababu Maombolezo ni tungo kabla ya kuwa hoja, na maana yake imefungwa katika umbo lake.

Jerusalemu ilianguka mikononi mwa jeshi la Nebukadreza wa Babeli mwaka 586 kabla ya Kristo, ingawa wako wataalamu wanaoshikilia 587. Mapokeo yamempa Yeremia kitabu hiki, na Biblia za Kikristo, kwa kufuata mpango wa Kiyunani, zinakiweka nyuma ya kitabu chake. Biblia ya Kiebrania haimtaji mtunzi. Inakiweka miongoni mwa Maandiko na kukiita kwa neno lake la kwanza, Eika, ambalo ni mwito wa mwenye kufiwa, kama kusema: imekuwaje haya!

Tungo ni tano, na nne kati yake zimefuata abjadi. Herufi za Kiebrania ni 22. Katika sura ya kwanza na ya pili kila ubeti una mishororo mitatu, na ubeti huanza na herufi yake kwa zamu, alefu hadi tau. Sura ya nne inafuata mpango huohuo, ila ubeti umepungua na kuwa wa mishororo miwili. Sura ya tano ina mishororo 22, mmoja mmoja, na herufi zimeachwa kabisa: idadi imebaki, abjadi imetoweka. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa jambo hili kwa Kigiriki. Ni tathlitha iliyogeuka tathnia, kisha ikawa mshororo mmoja mmoja. Shairi linaishiwa pumzi. Katikati imesimama sura ya tatu, ambamo fundi amejizidishia kazi: kila herufi imepewa mishororo mitatu, na yote mitatu sharti ianze nayo, hivyo aya zikafika 66.

Kwa nini mtu ambaye mji wake umeteketea ajifunge kwa kanuni kali namna hiyo? Wahakiki wamejibu kwa njia mbalimbali. Wengine wamesema abjadi ilisaidia kukumbuka. Jibu hilo ni dogo. Jibu lililo karibu zaidi na tungo ni kwamba kilio kisicho na mipaka humla mwenye kulia. Abjadi humpa nafasi ya kuyasema yote, toka mwanzo hadi mwisho, na pia humpa mahali pa kusimama. Washairi wa Pate na Siyu walilielewa hilo kwa njia yao. Dura Mandhuma, tungo mashuhuri ya Umar bin Amin wa Siyu, imefuata herufi za Kiarabu, na msomaji wake huhisi kuwa dunia nzima imepangwa juu ya uzi mmoja kama lulu. Maombolezo yanatumia uzi wa namna hiyo. Kilichotungwa humo ni vifusi.

Na mizani nayo. Mwaka 1882 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Budde, alionyesha kuwa mishororo mingi ya kitabu hiki ina ukwapi wenye mapigo matatu na utao wenye mapigo mawili. Sikio linalotazamia nusu mbili zilingane hukosa kipande kila mara, mfano wa mtu anayepanda ngazi gizani na kukuta kidato kimoja hakipo. Shairi la msuko la Kiswahili hufanya jambo la jamaa yake, pale kimalizio kinapokatwa kikawa kifupi kuliko mishororo ya juu. Lakini msuko hukata mara moja katika ubeti, na Maombolezo yanakata karibu katika kila mshororo. Tafsiri za Kiswahili zinazosomwa makanisani, ikiwamo ile ya muungano ya mwaka 1952, zimeacha abjadi na mizani zote mbili. Haifai kuwalaumu wafasiri kwa hilo. Hawakuagizwa kutunga mashairi. Hata hivyo kazi hiyo si muhali. Padri Ronald Knox wa Uingereza alipoifasiri Biblia alizirudisha herufi kwa Kiingereza, na Kiswahili, chenye mapokeo makubwa zaidi ya abjadi, kingeweza kuzibeba kwa wepesi kuliko Kiingereza.

Sura ya tatu inafunguliwa na mwanamume asiye na jina, anayejitambulisha kwa jambo moja tu: ameonja fimbo. Hamtaji anayempiga kwa muda mrefu. Ni "yeye" tu. Yeye amemtia gizani. Yeye amemzungushia ukuta. Yeye amemvizia kama dubu, kama simba. Amempindia upinde na kumfanya shabaha. Amemsagisha meno kwa changarawe. Lililo zito kuliko yote ni kwamba mtu huyu anapoomba, yeye huifungia nje sala yake. Aya ya 18 inafika chini kabisa: tumaini limekufa, na tumaini lenyewe lilikuwa kwa Bwana. Hapo ndipo jina la Mungu linapotamkwa kwa mara ya kwanza katika sura hii, nalo linatamkwa katika tangazo la msiba wa tumaini.

Kinachofuata si muujiza. Hakuna malaika, hakuna habari njema kutoka Babeli, mji haujajengwa. Mtu huyu anakumbuka tu, na katika kukumbuka anafikia herufi ya nane, heti, inayofungua maneno aliyokuwa anayahitaji. Mishororo mitatu ya ubeti huo inaanza, kwa mfuatano, na fadhili za Bwana, na upya wa asubuhi, na fungu ambalo mtu humiliki. Ubeti unaofuata, wa teti, ni wa ajabu zaidi: mishororo yote mitatu inaanza na neno lilelile, tov, yaani "jema". Mtu aliyesema aya chache nyuma kwamba amesahau wema ni kitu gani, sasa analitamka neno hilo mara tatu, kana kwamba anajifunza upya kulisema. Mfasiri wa 1952 ametanguliza jina la Bwana katika mshororo wa kwanza, na kwa hiyo mwangwi huo umebaki nusu.

Neno la kwanza la heti ni hesed. Tafsiri ya 1952 imelitia "huruma". Katika Zaburi ya 136 tafsiri hiyohiyo imelitia "fadhili", na hapo imelenga vizuri zaidi. Huruma humpata mtu yeyote anayemwona maskini njiani. Hesed ni wema wa waliofungamana kwa agano, na kuuvunja ni aibu. Kosa si kubwa, lakini linamfanya msomaji adhani mwombolezaji anaomba sadaka, hali anakumbusha ahadi.

Ama neno la pili, emuna, hapo Kiswahili kilipata bahati ambayo lugha za Ulaya hazikuipata. Wafasiri waliandika "uaminifu", na neno hilo, kwa njia ya Kiarabu, limechipuka katika shina moja na emuna ya Kiebrania. Imani, amini, amana, amina, zote ni ndugu zake. Emuna katika asili yake ni uthabiti, jambo lisilotikisika. Kitabu cha Kutoka, sura ya 17, kinalitumia juu ya mikono ya Musa siku ya vita na Waamaleki, ilipokuwa imechoka ikategemezwa na Haruni na Huri mpaka jua lilipokuchwa: mikono hiyo ilikuwa emuna. Na msomaji wa Kiswahili husikia humo pia amana, mali iliyowekwa kwa mtu ili irudishwe. Usikivu huo unaifungua sura nzima. Aliyeweka amana na asiiyone, hupiga hodi mlangoni, hulalamika, huita mashahidi. Kelele zake ni dalili kuwa bado anamhesabu mwenye nyumba kuwa mtu wa kurudisha. Aliyekata tamaa hana haja ya kupiga hodi; huandika hasara na kwenda zake.

Ndiyo maana hodi hazikomi. Wahubiri wengi huipanga sura hii kama safari ya shida, kisha tumaini, kisha ushindi. Hesabu ya aya inawakatalia. Ubeti wa heti umekamilika katika aya ya 24 kati ya 66. Zilizobaki ni 42. Katika aya ya 44 Mungu amejifunika wingu ili sala isipenye, yaani lalamiko la aya ya nane limerudi, na safari hii anaambiwa usoni: wewe. Machozi yanarudi. Shimo linarudi, na mawe juu yake. Sura inafungwa kwa kuwaombea adui maangamizi, jambo ambalo kadi za rambirambi haziwezi kulibeba. Uaminifu haukuwekwa mwisho wa kilio kama zawadi ya aliyelia vya kutosha. Umewekwa ndani yake, mapema, na kilio kikaendelea kikiuzunguka.

Msomaji aliyelelewa na Al-Inkishafi huenda akashtuka. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir naye alisimama mbele ya mji uliokwisha, akatazama majumba ya Pate ambamo zidaka za sahani zimegeuka viota vya ndege. Lakini yeye aliugeukia moyo wake na kuukaripia: magofu ni hoja dhidi ya ulimwengu na hadaa zake, na Mungu hahojiwi. Mwombolezaji wa Jerusalemu anaugeukia uso wa Mungu. Sura ya pili inasema waziwazi kwamba Bwana amekuwa kama adui, kisha inamtaka atazame ni nani aliowatenda hivyo, pale wanawake walipofikia kuwala watoto waliowalea. Kila tungo ina adabu yake. Ila Mkristo wa pwani mara nyingi amerithi Biblia ya kwanza na adabu ya pili, na hapo ndipo kulalamika mbele ya Mungu kunapoonekana kukufuru, wakati kitabu chake kitakatifu kimekufanya kuwa ibada.

Unguja ina sababu yake ya kuisoma sura ya tano bila haraka. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo ukaanza ujenzi wa kanisa kuu la Kianglikana mahali pale. Askofu Edward Steere, aliyelijenga, alifariki mwaka 1882, na Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891. Miongoni mwa waumini wa mwanzo walikuwamo watu waliopita sokoni hapo kwa miguu yao. Sura ya tano inazungumza juu ya shingo zenye mfukuzaji nyuma yake, maji ya kunywa yanayonunuliwa, vijana waliotiwa kazi ya jiwe la kusagia, watoto wanaojikwaa chini ya mizigo ya kuni. Kwa watu hao haikuwa mifano. Kuwaharakisha wafike kwenye herufi ya nane kungekuwa ni kuwaibia sura zilizokuwa zao.

Na mwisho wa kitabu hauna faraja. Aya ya mwisho inaanza kwa maneno mawili ya Kiebrania, ki im, yaliyowatesa wafasiri: ni "isipokuwa", au "hata kama", au "ama labda"? Kwa vyovyote, aya inamwachia Mungu uwezekano kwamba amewakataa watu wake kabisa, kisha inanyamaza. Mayahudi husoma kitabu hiki katika mfungo wa tarehe 9 ya mwezi wa Av, nao hawaishii hapo. Wakifika mwisho hurudi nyuma mstari mmoja na kuisoma tena aya ya 21, ile inayomwomba Bwana awarudishe kwake. Kanisa la Kilatini, kwa upande wake, liliimba Maombolezo katika siku tatu za mwisho za Juma Kuu, na kwa kuwa abjadi ilikuwa imepotea katika tafsiri, liliimba majina ya herufi zenyewe kabla ya kila ubeti: Aleph, Beth, Ghimel. Sauti ilirefushwa juu ya herufi tupu, zisizo na maana kwa Kilatini, kisha ndipo maneno yakafuata.