Ahadi ya Kifungu cha 389

Tumesoma tena sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyotolewa zamani za Rais Mobutu, nchi ilipoitwa Zaire. Lugha yake ni safi, twakiri. Yasema kwamba ardhi ni mali ya Serikali, hata ile wanayoikaa na kuilima wenyeji. Haki zao je? Kifungu cha 389 chajibu kwamba zitapangwa kwa amri ya Rais. Ilipotimu miaka 40, amri hiyo ilikuwa haijatoka.

Hapo twaona kosa la sheria hii, wala si dogo. Miaka ileile chama cha MPR kiliwakusanya watu kuimba na kucheza, kikawapeleka salongo, yaani kazi ya lazima ya kulima na kufagia, wakiambiwa kwamba nchi ni yao. Mwenye jembe aliitwa kufanya kazi. Juu ya shamba lake hakuulizwa neno.

Penye mihogo tu, kosa kama hilo laweza kulala. Kolwezi chini ya mihogo mna shaba na kobalti. Tazameni mtaa wa Kasulo: mwaka 2014 kobalti ilionekana pale, watu wakachimba uani mwao. Mwaka 2017 Serikali ya jimbo la Lualaba iliwahamisha wakazi wengi, pakazungushiwa ukuta, na kampuni moja ikapewa haki ya kununua mawe yote. Walilipwa, ni kweli. Lakini kijiji cha wakulima nje ya mji, kilichongoja amri ile miaka 40, kitashika karatasi gani mbele ya mwenye leseni ya madini?