Ufundi wa Bibi Mwalimu

Anapofariki bibi aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, wasifu wa marehemu unaosomwa msibani hufuata mkondo uleule. Hutajwa alikozaliwa, shule alizofundisha, mwaka aliostaafu, watoto na wajukuu aliowaacha. Kisha husemwa kwamba alikuwa mvumilivu, mwenye upendo, mlezi wa wote. Hakuna uongo katika maneno hayo, na wafiwa wana haki ya kuyasema. Ila yangeweza kusemwa vilevile juu ya bibi ambaye hajawahi kushika chaki. Linaloachwa ni lile alilolijua kuliko wengi wetu: namna ya kumchukua mtoto asiyejua a wala be na kumfikisha mahali pa kusoma sentensi peke yake, akaielewa. Huo ni ufundi, tena ufundi mgumu. Kumsifu mwalimu kwa moyo wake na kuunyamazia ujuzi wake ni kumpunja, na hasara ya kumpunja huko huwaangukia watoto wanaobaki darasani.

Tuutazame ufundi wenyewe. Kabla ya penseli kugusa daftari, herufi huumbwa hewani kwa kidole, kisha mchangani, ili mkono uzoee pa kuanzia na pa kugeukia. Irabu hutangulia, konsonanti huletwa mojamoja na kuunganishwa nazo: ma, me, mi, mo, mu. Darasa zima likiitikia kwa pamoja, mgeni aliye mlangoni atadhani somo limeeleweka. Mwalimu mzoefu hadanganyiki, kwa kuwa anajua mtoto anaweza kuuimba mstari wote bila kuitambua hata silabi moja. Humwonyesha mu kabla ya ma. Huiziba picha ya embe kwa kiganja, ndipo akauliza neno lililo chini yake. Humsomesha mstari kuanzia mwisho. Mtoto akisoma “baba” palipoandikwa “dada”, hutambua kwamba jicho bado linachanganya upande lilipo tumbo la herufi. Akisoma “kula” palipoandikwa “kura”, hutega sikio asikie kama ni ulimi uliozoea lugha ya nyumbani. Dawa ya huyu haimfai yule, na mwalimu hana budi kuamua papo hapo, huku macho mengine kadhaa yakimsubiri.

Ujuzi huo wengi waliupata kwa njia ngumu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote wa Tanzania ifikapo 1977, badala ya 1989 kama ilivyokuwa imepangwa. Walimu hawakutosha, hivyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakajifunza kazi huku wakiifanya, hukohuko vijijini. Msichana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1976 alifikisha miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, mwaka 2018. Huyo ndiye bibi ambaye leo tunamsomea wasifu. Wenzake wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, uliojulikana kama UPE, walibezwa kwa uchache wa elimu yao, na ni kweli kwamba maandalizi yao yalikuwa mafupi. Lakini aliyedumu darasa la kwanza, kila Januari akianza upya na irabu zilezile kwa watoto wengine, alijifunza kusoma makosa kama daktari asomavyo dalili. Cheti hakikumpa hilo, na dharau ya cheti haikumnyang'anya.

Watakuwapo watakaosema kwamba tunakuza mambo. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, basi kwa nini kumfundisha mtu kukisoma kuitwe ufundi? Kama urahisi wa maandishi ungetosha, vipimo vya Uwezo vya kusoma na kuhesabu, vilivyoanza kufanyika Tanzania mwaka 2010, visingekuta watoto wengi wa darasa la tatu wakishindwa hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Wala isingelazimu mtaala wa darasa la kwanza na la pili urekebishwe mwaka 2015 ili uzito uwekwe kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Lugha ilikuwa ileile na herufi zilezile; kilichokosekana mara nyingi ni mtu anayejua la kufanya mtoto anapokwama kwenye “mbwa” au “ng'ombe”.

Pingamizi zito zaidi linahusu fimbo. Wapo watu wazima ambao wakimkumbuka mwalimu wa zamani, kwanza hukumbuka viganja vilivyowaka moto, na hawastahili kuambiwa wanyamaze kwa sababu marehemu hasemwi vibaya. Lakini kumpima mwalimu kwa ufundi wake hakumfichii aibu hiyo, bali huiweka wazi. Fimbo ilipanda pale ujuzi ulipoishia. Mtoto anayechanganya b na d hapati jicho jipya kwa kuchapwa, na aliyejua kumsahihisha kwa kidole mchangani hakuwa na haja ya kiboko. Anayesifu moyo peke yake ndiye mwenye kazi ya kueleza fimbo hiyo ilitoka wapi.

Moyo wa mtu haurithishwi kwa semina. Ufundi unaweza kurithishwa, mradi utambuliwe ungali na mwenyewe. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, madarasa ya kwanza yamefurika, na mwalimu kijana anayekabidhiwa darasa hilo kwa sababu tu ndiye mgeni shuleni anahitaji sana mtu wa kumwelekeza. Mtu huyo mara nyingi yuko mtaa wa pili, amestaafu, analea wajukuu. Shule na imwalike aketi nyuma ya darasa asubuhi chache, aonyeshe anavyomjua anayesoma na anayeimba. Na siku ya msiba wake ikifika, baada ya orodha ya shule na watoto, wasifu uongeze sentensi mbili za kusema alifundishaje. Familia isiyoweza kuziandika itakuwa imechelewa kumuuliza.