Divai Nyeupe ya Nchi Kavu

Mwaka 1924, katika kijiji cha Koberwitz ambacho leo kimo Poland, Rudolf Steiner aliwahutubia wakulima waliokuwa na wasiwasi kwamba ardhi yao inachoka. Mihadhara hiyo ilizaa kilimo cha bayodinamiki. Pembe ya ng'ombe hujazwa samadi na kufukiwa majira yote ya baridi, mwezi hutazamwa kabla ya kupanda na kuvuna, na dawa za kiwandani hazikanyagi shambani. Baadhi ya divai nyeupe zinazosifiwa sana duniani hutoka katika mashamba ya namna hiyo. Katika bonde la Loire, Ufaransa, Nicolas Joly ameipa Coulée de Serrant jina kubwa kwa zabibu za chenin blanc zinazochachuka kwa chachu yake zenyewe.

Divai hizo naziheshimu. Lakini Mkenya anayetamani kinywaji cheupe kilichobeba ladha ya ardhi yake hana haja ya kuvuka bahari. Ateremke kutoka Embu hadi Mbeere, au kutoka Meru hadi Tharaka, aulize muratina, pombe ya asali.

Safari yenyewe ni somo. Manyatta, karibu na msitu wa mlima, ni chai tupu. Ukishuka kidogo inakuja kahawa, kisha migomba na mahindi, na ukiishika barabara ya Kiritiri kijani kinapauka, migunga inashika nchi na jua linaanza kuuma. Mvua huku ni haba. Mizinga ya magogo iliyochongwa kwa mkono inaning'inia kwenye miti mirefu, na Tharaka utaiona hata kwenye mibuyu. Nyuki wa huku ni wakali, wadogo, wa nyanda za joto, tofauti kabisa na wale weusi watulivu wanaoishi juu mlimani. Huku chini hakuna anayewapulizia maua dawa, maana maua yenyewe ni ya porini.

Mrina asali wa huku hahitaji kalenda ya nyota, kwa kuwa kalenda yake ni miti. Anajua kikwata kikichanua asali itatoka nyepesi, yenye rangi hafifu, na anajua kwamba ya baada ya masika si ile ya baada ya vuli. Mwonjeshe asali bila kumwambia ilikotoka, naye atakutajia upande wa kilima. Huko Ulaya mtu mwenye ulimi wa namna hiyo hupewa cheo.

Kisha kuna tunda la mwegea, ambalo nalo huitwa muratina. Mwegea huchanua usiku, maua mekundu ya kiza yananing'inia kwenye kamba ndefu, na popo ndio wanaoyachavusha. Tunda lake ni kubwa, gumu, zito kiasi kwamba mtu mwenye akili hapumziki chini ya mti huo, na likiliwa bichi ni sumu. Linapasuliwa, linakaushwa juani, kisha linalowekwa katika maji ya asali. Kinywaji cha kwanza huwa kichungu, nacho humwagwa bila majuto. Tunda linakaushwa tena. Kuanzia hapo nyuzi zake, zilizo wazi kama dodoki, zimeshakuwa makao ya chachu, na zitafanya kazi miaka kadhaa. Zipo familia zinazotunza vipande vya muratina kwa uangalifu uleule wanaotunzia mbegu.

Asali nzima haichachuki, maana sukari yake ni nyingi mno na maji ni machache. Ndiyo sababu fundi anaizimua kwa maji ya vuguvugu, anaimimina kibuyuni juu ya vipande vile, kisha anakiweka kibuyu karibu na jiko. Nimemtazama mzee mmoja akiifanya kazi hiyo upande wa Mbeere. Alichovya kidole cha mwisho kupima joto la maji, akakisubirisha humo kidogo, akaongeza tone la baridi. Jioni aliinama akaweka sikio kwenye shingo ya kibuyu. Ndani mlikuwa na mchemko mdogo, wa haraka. Akasogeza kibuyu mbali na moto kwa upana wa kiganja. Hakugusa kitu kingine hadi asubuhi, na kwangu ustadi wake wote ulikuwa katika kule kutogusa. Anayekimbilia sukari ya dukani na hamira ya pakiti atapata ulevi upesi, ila ladha za kikwata na mgunga hatazisikia tena.

Kazi hii imepita mengi. Asali ni sehemu ya mahari kwa Wambeere na Watharaka, na pombe yake ndiyo iliyofungulia wazee mazungumzo. Serikali, kwa upande wake, iliiwekea pombe ya kienyeji vikwazo miaka mingi, hadi sheria ya mwaka 2010 ilipofuta baadhi ya sheria za zamani na kuiingiza katika utaratibu wa leseni. Madhara ya ulevi nayajua na siyapuuzi. Ninachokitetea ni kinywaji kinachonywewa mezani, pamoja na chakula, kwa kiasi.

Tena chakula chake kipo. Siku ya pili muratina bado ina utamu, na povu lake ni laini. Hapo iandalie managu au kunde zilizopikwa bila mbwembwe, maana uchungu wa mboga unaukata utamu na vyote viwili vinang'aa. Nduma na viazi vikuu vya Embu na Meru navyo vinaipenda hali hiyo. Siku ya tatu utamu umekwisha, umebaki ukali safi unaosafisha ulimi, na hapo ndipo mbavu za mbuzi wa nchi kavu, zenye mafuta na chumvi peke yake, zinapopata mwenzake. Usiiweke karibu na mchuzi wa nyanya wenye viungo vya pakiti, kwani nyanya itapigana na asali na zote mbili zitashindwa.

Ila mwandani wake bora ni mgeni. Zamani watu wa huku hawakuwa na mazoea ya kula samaki. Yakaja mabwawa ya umeme kwenye Mto Tana, Kindaruma mwaka 1968 na Masinga mwaka 1981, na leo tilapia wanavuliwa chini ya vilima vilevile vyenye mizinga. Samaki mweupe, limau kidogo, chumvi, na kinywaji cha maua ya ng'ambo ya maji: sioni meza ya Loire inayovizidi. Tilapia akichomwa, mimina ile ya siku ya pili. Akikaangwa hadi ngozi ikakauka, subiri ya tatu.