Umati Usiohesabiwa Dirishani

Usukumani, Bariadi ikiwemo, wachezaji wa Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Tiketi si kipimo. Macho ya watu ndiyo hesabu. Yafaa kipimo hicho kikumbukwe inapotazamwa filamu ya Moses Bwayo na Christopher Sharp, Bobi Wine: The People's President, iliyooneshwa kwanza Venice mwaka 2022.

Mwaka 2023 ilipita katika majumba machache ya sinema, kisha Oktoba ikahamia Disney+. Kwa hiyo mapato ya dirishani hayana mengi ya kusema juu yake, hata baada ya kuteuliwa kuwania Oscar ya 2024. Na gharama yake itahesabiwaje? Novemba 2020, Bwayo alipigwa risasi ya mpira usoni akiwa kazini. Baadaye aliihama Uganda.

Kasoro ya filamu ni mapenzi: shujaa haulizwi maswali magumu ya kutosha, na nyimbo zake, ambazo ndizo zilizomponza, hukatwa kabla ya kukolea. Katika ngoma ya Kisukuma mpinzani hucheza wakati uleule na kujibu. Hapa kinachojibu aghalabu ni marungu na moshi wa machozi, na kamera haipepesi jicho.

Lau ingefika katika vibanda vya video vya Bariadi, ikafasiriwa kwa Kiswahili kama zifanyiwavyo nyingine, kiingilio kingelipwa mlangoni bila stakabadhi, na hesabu za Marekani zisingeongezeka hata senti.