Megabaiti 250 zilizokosekana

Jumanne ya tarehe 9 Januari 2024 Microsoft iliachia masasisho ya Windows 10, kama ilivyokuwa ikifanya kila Jumanne ya pili ya mwezi. Mawili kati yake yanatosha kwa uchambuzi huu. KB5034122 lilikuwa furushi kubwa la mwezi. Likishaingia, mashine hujizima, hujiwasha, na kazi huendelea. KB5034441 lilikuwa dogo tu, lakini kwenye kompyuta nyingi duniani lilikwama njiani na kuacha namba ya kosa: 0x80070643.

Ukiifasiri namba hiyo, inasema kwamba usakinishaji umeshindikana. Basi. Mwenye kompyuta alikuwa ameshaliona hilo kwa macho yake.

Tuupeleke mkasa Kaengesa, wilayani Sumbawanga, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa. Laptopu ya kupigia mfano ni ya aina iliyojaa mikononi mwa walimu na makarani: mtumba wa ng'ambo, betri imechoka kiasi kwamba ukichomoa chaja inazimika papo hapo, intaneti ni bando la simu. Kila jioni inajaribu tena kusakinisha, inashindwa tena, na mwenyewe anaanza kuamini kwamba diski inakufa.

Akiipeleka kwa fundi wa haraka haraka, dawa zinajulikana. Atafuta folda ya SoftwareDistribution ili masasisho yapakuliwe upya, yaani bando liliwe mara ya pili. Atakagua mafaili ya mfumo kwa amri ya sfc, asubiri, aambiwe yako salama. Mwisho atatamka neno linalopendwa kuliko yote katika biashara hiyo: "Tupige Windows upya." Hapo mitihani ya kidato cha nne iliyochapwa kwa wiki tatu inaingia hatarini kwa sababu ya kosa ambalo halikuwahi kuyagusa mafaili hayo. Na kupiga Windows upya huweza kuurudisha ugonjwa uleule, kama tutakavyoona.

Fundi mtulivu huanzia penye historia ya masasisho, ukurasa ambao Windows huutunza na wachache huufungua. Pale anakuta KB5034122 limeandikwa kuwa limefaulu na KB5034441 limeshindwa, yote ya mwezi mmoja, kwenye mashine moja, kwa bando moja. Mistari hiyo miwili inamwondolea washukiwa wengi kwa mkupuo. Mtandao ungekuwa mbovu, furushi kubwa lisingefika. Huduma ya masasisho ingekuwa imeharibika, lisingeingia. Diski C ingekuwa imejaa, hilo ndilo lingelia kwanza. Kwa hiyo swali linabadilika: dogo hili linataka nini ambacho kubwa halikukihitaji?

Lilitaka chumba kingine. Ndani ya diski, pembeni ya C, Windows hutenga patisheni ndogo, mara nyingi karibu megabaiti 500, isiyoonekana mtu afunguapo mafaili yake. Humo hukaa mfumo mdogo wa uokoaji, ule unaojitokeza na skrini ya buluu ya kurekebisha mambo pale Windows yenyewe inapokataa kuwaka. KB5034441 lilikuja kuziba tundu la usalama lililosajiliwa kwa namba CVE-2024-20666: mtu aliyeishika kompyuta mkononi angeweza kuupitia mfumo huo wa uokoaji na kuukwepa ulinzi wa BitLocker, ambao hufunga data kwa maandishi ya siri. Ili kuubadilisha mfumo huo, sasisho lilihitaji nafasi wazi ya megabaiti 250 ndani ya kile chumba. Kwenye mashine nyingi haikuwapo, kwa kuwa chumba kilipimwa hivyo na Windows ilipowekwa. Ndiyo maana kupiga Windows upya si tiba ya uhakika: kunaweza kujenga chumba kilekile chenye ufinyu uleule.

Microsoft ilikiri pia kwamba namba iliyokuwa ikitokea ilikuwa na kasoro, na kwamba ujumbe sahihi ulipaswa kueleza uhaba wa nafasi kwenye diski. Hilo ni kosa baya kuliko kosa lenyewe la nafasi. Ufinyu wa chumba mtu angeweza kuubaini katika dakika kumi kama angeambiwa ni ufinyu.

Tiba iliyotolewa ilikuwa ya mkono, na mpangilio wake ndio kiini cha kazi. Amri ya reagentc /info huonyesha kama mfumo wa uokoaji umewashwa na uko patisheni ipi. Inayofuata, reagentc /disable, jina lake linadanganya kidogo: pamoja na kuuzima mfumo huo, huhamishia faili lake la winre.wim kwenye folda ya Windows ndani ya C, kama mtu anayetoa vyombo nje kabla ya kubomoa jiko. Ukiiruka hatua hiyo ukaifuta patisheni, umezifukia na sufuria. Baada yake, kwa programu ya diskpart, C hupunguzwa megabaiti 250, patisheni ya zamani hufutwa, kubwa zaidi hujengwa mahali pake, na reagentc /enable huvirudisha vyombo ndani.

Mtego uko kwenye ramani ya diski. Maelekezo hayo huchukulia kwamba chumba cha uokoaji kiko baada ya C, hivyo C ikipungua, nafasi inaangukia mlangoni mwake. Lakini Windows 10 za miaka ya mwanzo, kabla ya toleo la 2004, zilikuwa zikikiweka mbele ya C, na laptopu za mtumba nyingi ni za rika hilo. Kwa hizo, C inapunguzwa upande wa mkia huku chumba kiko upande wa kichwa, na nafasi iliyopatikana haimfikii aliyeihitaji. Inabidi kujenga chumba kipya mwishoni mwa diski na kukiacha cha zamani.

Sasa turudi kwenye ile betri iliyokufa. Umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi ulitegemea njia inayotoka Zambia kupitia Mbala, pamoja na majenereta ya shirika la umeme, TANESCO, na kukatika kwake hakukuwa habari. Windows ina ustadi wa kujirudi sasisho la kawaida linapokatizwa: mashine ikiwaka tena, hutengua mabadiliko na kurudi ilipokuwa. Diskpart haina huruma hiyo. Umeme ukikatika wakati patisheni zinakatwa na kujengwa, hakuna wa kutengua chochote.

Kwa hiyo, kwa laptopu ya Kaengesa isiyotumia BitLocker, kazi ya maana ilikuwa kunakili mafaili yote kwenye diski ya nje, halafu kuliacha sasisho lile lishindwe. Tundu lililokuwa likizibwa halimhusu mtu ambaye data yake haikufungwa tangu mwanzo. Microsoft yenyewe ilisema kwamba mashine ambayo mfumo wake wa uokoaji umezimwa haikulihitaji sasisho hilo, ingawa lilikuwa likiijia vilevile na kushindwa. Baadaye mwaka huo kampuni ikatangaza kwamba suluhisho la kujiendesha lenyewe kwa Windows 10 halitakuja. Wenye mashine waliachiwa diskpart, wajue au wasijue.

Kuuzima kabisa mfumo wa uokoaji, kama wengine walivyofanya wakitumaini namba itaondoka, kuna gharama yake. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike liliziangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Nyingi zilishindwa kuiwasha Windows, na mafundi walipita moja baada ya nyingine, wakiingia kwa mlango wa mfumo wa uokoaji ili kulifuta faili lililoleta balaa.

Windows 10 ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwenye laptopu zilizojengewa chumba kipya mwishoni mwa diski, kile cha zamani huenda bado kiko mbele ya C, kitupu, nafasi ambayo zana za Windows haziwezi kuiunganisha na C kwa sababu iko upande usiofaa.