Paka na Kuku wa Arusi: Ngano ya Panya katika Picha za Kichina

Uhakiki wetu wa ngano za wanyama una ugonjwa mmoja: tunakimbilia funzo. Mwanafunzi akishaandika kwamba sungura ni mnyonge mwerevu, basi, kazi imekwisha. Mimi nabisha, na ushahidi wangu naufuata mbali, China, katika ngano ya arusi ya panya.

Wazazi panya wanamtafutia binti yao mume mwenye nguvu kuliko wote. Wanaliendea jua, jua linasema hufunikwa na wingu. Wingu nalo hufukuzwa na upepo, upepo huzuiwa na ukuta, na ukuta, masikini, hutobolewa na panya. Binti anaolewa na panya mwenzake. Mnyororo kama huo umo katika Panchatantra ya Wahindi, chungu kilekile kilichotupakulia Waswahili kisa cha kima aliyedai ameuacha moyo wake mtini. Wasimulizi wengine wa China huongeza mkia: panya wanaona paka ndiye mwenye nguvu, wanampa binti, naye anamla.

Sasa tazama picha za Mwaka Mpya, zile zinazochapwa kwa vibao vya mti vilivyochongwa na kubandikwa nyumbani. Jua hulioni. Wingu wala upepo hamna. Karatasi moja haina "halafu". Mnyororo unataka mdomo wa msimulizi. Mchoraji amechukua msafara tu: panya wamembeba bibi arusi kwa machela, wengine wameshika taa na mabango, wengine wanapuliza zumari. Na paka kabaki, mkubwa kuliko wote.

Hapo ndipo fani inapogeuza maudhui. Katika picha za Mianzhu, mkoani Sichuan, paka anakamata panya. Katika zile za Tantou, Hunan, panya wa mbele wanamwendea na samaki na kuku. Hiyo jamani ni chai, ili msafara upite! Ngano iliyocheka tamaa ya wazazi imekuwa picha ya wanyonge wanaomlipa mwenye makucha. Wapo wanaosema paka amewekwa ili kufukuza panya wa kweli na mikosi ya mwaka. Sikatai, ila hoja hiyo haimwelezi yule kuku.

Wakata karatasi wa kaskazini wameshika njia nyingine. Panya ndiye wa kwanza katika mzunguko wa wanyama 12 wa miaka, na alama yake, zi, ina maana pia ya mtoto. Wakimkata kando ya boga lenye mbegu tele, wanaomba uzazi. Dhihaka hapo haina nafasi.

Na hadhira je? Mwandishi Lu Xun, aliyezaliwa 1881, alikumbuka katika insha yake ya 1926 picha ya arusi hiyo iliyobandikwa mbele ya kitanda chake utotoni. Wale panya, kwa videvu vilivyochongoka na miguu myembamba, aliwaona wanafanana na wasomi (sisi hao!). Juu ya nani mwenye nguvu hakujali. Usiku wa tarehe 14 ya mwezi wa kwanza alikuwa akikesha, eti auone msafara ukitoka chini ya kitanda. Walitoka panya wachache, hawana nguo, wala hawakuonekana kuwa na arusi.